Nilipoitoa stabilaiza ya nyuma

Kazi yenyewe haikumaliza saa moja: linki mbili (vijiti vinavyoiunganisha na gari), vishikio viwili vya bushi (mipira inayoizunguka), na chuma kikalala sakafuni.

Gari langu lina ekseli nzima nyuma (mhimili mmoja unaobeba matairi yote mawili), koili springi, na difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa matairi hayo, isiyo na loki ya kuyalazimisha yazunguke pamoja. Kila nilipovuka mtaro kwa mshazari, tairi moja la nyuma lilining'inia na kuzunguka bure, na lile lililo ardhini likapata nguvu ndogo ileile. Stabilaiza ni chuma kinachofanya kazi kama springi ya kujinyonga, kikiunganisha kushoto na kulia. Matairi yote mawili yakipanda tuta pamoja, inazunguka tu ndani ya bushi. Moja likipanda na jingine likishuka, ndipo inakaza na kulizuia la chini lisifuate shimo.

Bila hiyo, mtaro uleule niliuvuka taratibu, matairi yote chini. Hata kichwa kiliacha kurushwa huku na huku kwenye mawe. Nilijiona fundi kwelikweli.

Halafu nikaingia lami. Wengi hudhani mkia ndio utaanza kuteleza, kumbe ni kinyume. Ukilegeza nyuma, kazi ya kuzuia gari lisilale kwenye kona inahamia zaidi mbele. Tairi la mbele la upande wa nje linaelemewa, na pua inakataa kona. Unakata usukani, gari bado linataka kwenda mbele. Anayetoa ya mbele akaacha ya nyuma ndiye anayejitafutia mkia wa kumpita, na kwa mwendo wa barabarani hilo silishauri kabisa.

Lakini kona ningeizoea. Kilichonirudisha kwenye spana ni kupita ubavuni mwa mlima, na juu ya keria kuna madumu mawili ya maji na tairi la akiba. Bodi ililalia upande wa bondeni kuliko nilivyotarajia, na uzito wa juu ukaifuata. Abiria wangu alinyamaza, mkono umeng'ang'ania mlango. Kama unabeba mizigo juu, ishushe kwanza ndipo tuzungumze habari za stabilaiza.

Jambo jingine: kabla hujafungua bolti, inua chasi kwa jeki upande mmoja, uweke stendi imara, kisha angalia nini kinafika mwisho kwanza. Shokapu ikiwa tayari imenyooka yote, kutoa stabilaiza hakutakuongezea kitu. Kama bado ina nafasi, tazama hozi ya breki na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge ukishika breki) visivutwe, na springi isitoke kwenye kikalio chake. Yangu hozi ilikuwa imekaza kama uzi wa gitaa, nikabadilisha.

Siku hizi natumia linki za pini, zinazofungwa kwa pini badala ya bolti. Nikifika njia mbaya nazichomoa na kuifunga stabilaiza juu isigonge kitu. Nikirudi lami nazipachika. Mara moja nilisahau, na kona ya kwanza ikanikumbusha.