Choo cha Watoto Hukaguliwa kwa Kuchuchumaa

Mwezi wangu wa kwanza katika kituo cha kulea watoto mtaani Nyalenda, hapa Kisumu, nilikabidhiwa ufunguo wa choo pamoja na ndoo mbili, nikaambiwa kwamba kazi ya vyoo ni ya aliyeajiriwa mwisho. Miaka kadhaa imepita tangu siku hiyo, nami ninakuandikia wewe unayeanza sasa, kwa maana yaelekea ufunguo huo utaupata kabla ya kukabidhiwa kitu kingine chochote. Usiudharau. Mtoto wa miaka miwili hushika kila kilicho mbele yake kisha akatia vidole kinywani, na mmoja wao akianza kuhara asubuhi bila kuangaliwa, huenda kufikia kesho yake ukawa na watatu. Sisi wa kando ya ziwa tunakijua kipindupindu, na hatuhitaji kuelezwa ugonjwa hupita wapi.

Somo lililonifunza zaidi nililipata kwa mkaguzi. Afisa wa afya ya umma alifika saa tano asubuhi bila taarifa. Sakafu ilikuwa imedekiwa, harufu ya dawa ilikuwa kali, nami nilisimama mlangoni nikiwa na hakika kwamba tumefaulu. Yeye hakusimama. Alichuchumaa mbele ya choo kile kidogo mpaka macho yake yakawa usawa wa macho ya mtoto, akatazama upande wa chini wa kikalio, akapitisha kidole chenye glavu nyuma ya bakuli, kisha akanionyesha ukoko wa manjano uliokuwa umeganda pale kwa siku nyingi. Akiwa bado amechuchumaa, aliinua mkono kuelekea sabuni tuliyoiweka juu ya rafu, na hakuifikia. Mwisho aliomba karatasi ya usafi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Ilikuwa saa tano, na sisi tulikuwa tumekwisha kutia alama ya saa nane mchana.

Alama ile iliniumiza kuliko ukoko, kwa sababu ukoko ni uchafu wa kusugua, lakini alama ya uongo ilimfanya atilie shaka hata kazi tuliyokuwa tumeifanya kweli. Jaza karatasi baada ya kazi, kwa saa halisi na jina lako, na palipo na upungufu uandike upungufu wenyewe: "Saa nne na robo, mfereji umekauka, tumetumia maji ya jerikeni." Nafasi iliyoachwa wazi inaweza kuelezwa, iliyojazwa kabla ya wakati haina maelezo. Kumbuka pia kwamba tangu Katiba ya 2010 vituo vya malezi ya watoto viko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo afisa anayekuja leo ana uwezekano mkubwa wa kurudi, naye atakumbuka alichokikuta.

Tangu siku hiyo mimi hukagua kwa kuchuchumaa kila asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza kufika. Ukiwa chini huko utaona mambo ambayo aliyesimama hayaoni: msumari uliochomoza ubavuni mwa mlango, kigae chenye ncha, chupa ya dawa iliyosahauliwa nyuma ya bomba, na maji yaliyotuama kwenye kona ambako mtoto huteleza. Utajua pia kwa nini baadhi yao hujizuia mpaka wajikojolee. Tulikuwa na msichana wa miaka mitatu aliyelia kila alipopelekwa kwenye choo cha shimo, nasi tukamwita mkaidi, hadi nilipochuchumaa pale alipochuchumaa yeye na kuona giza na tundu pana lililokuwa karibu kumeza mguu wake. Tundu la watoto linapaswa kuwa dogo kiasi kwamba mwili wa mtoto hauwezi kupita, na chumba kiwe na mwanga. Tulimpa poti huku tundu likirekebishwa, na kilio kikaisha siku hiyo hiyo.

Kuhusu dawa, naomba usome polepole, kwa kuwa hapa ndipo wageni wengi hukosea, na kosa lake ni la hatari. Dawa ya klorini, ambayo wengi wetu huiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu, kwa sababu uchafu huimeza nguvu kabla haijafika kwenye vijidudu. Osha kwanza kwa sabuni na brashi, suuza, ndipo upake klorini. Soma kibandiko ujue nguvu yake, kisha upime. Kama chupa ina asilimia 3.5, basi mililita 30 hivi katika lita 1 ya maji hukupa mchanganyiko wa asilimia 0.1 unaotosha vikalio, vishikio vya milango na mifereji. Mahali palipomwagika kinyesi cha kuhara, matapishi au damu panahitaji asilimia 0.5, yaani kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji. Ondoa kinyesi kwa shashi ukiwa umevaa glavu, osha kwa sabuni, mwagia dawa, acha dakika 10 bila kugusa, halafu suuza. Hizo dakika 10 ndizo watu huzikata wakiwa na haraka, na dawa iliyofutwa mara moja ni sawa na maji tu.

Mchanganyiko wa jana umwage. Klorini iliyochanganywa hupungua nguvu, na jua huimaliza upesi zaidi, ndiyo maana hatuiweki dirishani. Kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, kwa kuwa hutoa gesi inayochoma mapafu, na katika choo kisicho na dirisha unaweza kuanguka kabla hujafika mlangoni. Chupa zote zikae kwenye kabati lenye kufuli, na usihamishie dawa kwenye chupa ya soda hata kwa nusu saa. Jambo jingine ni kwamba klorini haiui mayai ya minyoo. Hayo huondolewa kwa kusugua na kusuuza, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba harufu kali ya dawa ni ushahidi wa usafi.

Sasa nikueleze habari ya ndoo. Siku moja nilikuwa nadeki, nikageuka kuchukua tambara lililokuwa kwenye kamba, hatua tatu hivi. Niliporudi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa ameinama ndani ya ndoo, miguu yake imeacha sakafu, na maji yalikuwa hayafiki hata robo ya ndoo. Hakupiga kelele wala hakurusha maji, kwa sababu kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kwake na akishaingia hawezi kujiinua. Nilimvuta kwa kiuno, akakohoa, akalia, nami nikakaa chini mikono ikitetemeka. Kwetu maji ya mfereji hukatika, kwa hiyo ni lazima tuweke akiba, lakini akiba ikae kwenye mitungi yenye vifuniko vya kukaza, na ndoo ya kudeki imwagwe na kufudikizwa kabla hujageuka kwa sababu yoyote ile.

Kwa kunawa, ndoo yenye mfereji juu ya stuli fupi inatosha kabisa mradi mtoto aifikie mwenyewe. Sabuni ya kipande hutoweka au huanguka kwenye matope, kwa hiyo sisi huitia ndani ya soksi safi na kuifunga kando ya mfereji, watoto wakaisugua kwa mikono miwili huku tukiimba wimbo wa sekunde 20. Taulo moja la wote liondoe leo, kwani ni heri mikono ikauke kwa upepo.

Nepi chafu zisitupwe kwenye choo cha shimo, kwa sababu hazinyonywi na gari la kunyonya na hulijaza shimo upesi. Pia usibadilishe nepi karibu na chakula, na anayeosha vyoo asipike siku hiyo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji ya ardhini huku Nyalenda hupanda hadi mashimo hufurika, basi chungulia kiwango cha shimo mapema na utoe taarifa kwa maandishi. Wenzetu wa Nakuru wana shida tofauti, udongo wao ni mwepesi na kingo za shimo huporomoka, kwa hiyo wao watazame nyufa kuzunguka sakafu.

Unapompeleka mtoto chooni, mlango ubaki wazi nusu ili mwenzako akuone, na asiyekuwa mlezi asiruhusiwe kumsindikiza, hata akiwa mgeni wa mwenye kituo. Hilo humlinda mtoto, na linakulinda nawe.

Mkaguzi akifika, msalimu, mpe karatasi, kisha mtajie kasoro unazozijua kabla hajazifikia: kitasa cha mlango wa pili kimelegea, fundi ameitwa tangu Jumatatu, kwa sasa mlango huo umefungwa na watoto hawautumii. Halafu ondoa ndoo njiani, apate mahali pa kuchuchumaa.