Gemu ya makopo: nilikosea wapi kabla haijachezeka

Mpwa wangu wa miaka 11 aliicheza gemu yangu kwa dakika nne, kisha akanirudishia simu. "Mjomba, sasa hapo mimi nimefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Katika toleo lile la kwanza mchezaji aliburuta chupa kwa kidole, akaitia kwenye mashine ya kijani, mashine ikanguruma kidogo, kikatoka kiti. Ukitia bati, inatoka ndoo. Ukitia tairi, vinatoka viatu. Miezi mitano nilikesha nikiipamba mashine hiyo, na kweli ilipendeza. Lakini mashine ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi yote, mchezaji amebaki kuli.

Kama nawe unawaza kutengeneza gemu ya kugeuza taka kuwa vitu vya maana (na naona vijana wengi wanaipenda mada hii, pengine kwa kuwa wafadhili nao wanaipenda), usianze na mashine. Anza kwa yule anayepima makopo, yaani chupa tupu za plastiki, kwa kilo.

Mimi nilifika huko nimechelewa. Nilikaa siku tatu kwenye banda la mnunuzi wa makopo na vyuma chakavu, Tandale, Dar es Salaam. Sikuwa na maswali ya maana. Nikanunua chai, nikakaa juu ya tairi bovu, nikatazama. Akaja mama na viroba viwili vya chupa za maji, vimejaa hadi vinapasuka. Vikawekwa kwenye mzani. Kilo chache tu! Mama akaguna, akachukua hela yake, akaondoka. Nyuma yake kijana akaleta kiroba kimoja, kidogo kuliko cha mama, lakini chupa zake amezikanyaga zote zikawa bapa. Uzito ukakaribia ule wa viroba viwili vya mama.

Hapo ndipo gemu yangu ilipozaliwa upya. Chupa ya maji ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka chupa 50 hadi 100. Unachobeba kwenye mkokoteni ni hewa, na hewa hailipwi. Lakini kukanyaga chupa kunakula muda, na jua linazama. Ubebe hewa uwahi, au ukanyage uchelewe? Uamuzi huo mmoja unampa mchezaji mawazo mengi kuliko mashine yangu yote ya kijani. Nami sikuubuni, niliukuta umekaa pale kwenye mzani.

Siku ya pili nikaona ujanja. Mtu kaleta chupa zikiwa na maji kidogo chini, nyingine zina mchanga. Mnunuzi hakusema neno, alikitikisa kiroba tu, akasikiliza. Nikaenda nyumbani nikaweka kitufe cha kutikisa. Sasa katika gemu yangu ukinunua mzigo kwa mtu unatakiwa uweke simu sikioni. Watoto wanakipenda hicho kuliko kitu kingine chochote, na kilinichukua jioni moja tu kukitengeneza.

Jambo jingine la banda lile: sikusikia mtu akisema "taka". Wanasema mzigo. Wengine wanasema mali. Nilipoonyesha gemu yangu, iliyokuwa na maandishi makubwa ya "Okota uchafu!", dada mmoja aliyekuwa akichambua vifuniko alinitazama akaniuliza, "Uchafu upi, kaka?" Nilifuta neno hilo kila mahali. Badiliko dogo, lakini lilinilazimisha nibadili na picha: chupa zangu zilikuwa na nzi na mistari ya harufu kama katuni, nikaziondolea.

Sasa twende kwenye uchambuzi, kwa sababu hapa ndipo penye utamu, na ndipo waandaaji wengi wanaporuka. Tunasema "plastiki" kana kwamba ni kitu kimoja. Geuza chupa ya maji uangalie chini: pembetatu yenye namba 1. Hiyo ni PET. Dumu la mafuta ya kula au kopo la shampuu mara nyingi ni namba 2, ambayo ni HDPE. Bomba la maji mara nyingi ni namba 3, PVC. Ndoo nyingi na vyombo vya chakula ni namba 5. Kila moja ina joto lake: namba 2 huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, namba 5 kwenye 160 hivi, na namba 1 inataka 250 na ushei. Ukizichanganya ukachemsha pamoja unapata tope lisilofaa kitu, moja limeungua na jingine halijalainika.

Wachezaji hawataki darasa, na mimi nilijaribu kuwapa darasa. Niliweka ukurasa wa maelezo, hakuna aliyeusoma. Nikauondoa, nikaweka pipa la maji. PET huzama. Kifuniko chake, ambacho ni namba 2 au 5, huelea. Ukikatakata chupa pamoja na vifuniko na lebo, ukamwaga kwenye pipa, kitu chenyewe kinajitenga mbele ya macho yako. Ndivyo viwanda vinavyofanya. Mtoto akiliona mara moja hasahau. Toleo la awali la pipa hilo lilikuwa na kosa: chupa nzima nayo ilizama. Chupa nzima haizami, ina hewa. Mzee mmoja fundi bomba ndiye aliyenikosoa, huku akicheka, na kosa hilo nikaligeuza hatua ya mchezo: usipokata kwanza, kila kitu kinaelea na umepoteza maji yako.

Adui wa gemu yangu ni PVC. Watu waliniambia niweke jitu la takataka lenye macho mekundu. Nikakataa, na siku hizi nafurahia kukataa kwangu. PVC inazama kama PET, na ikiwa angavu inafanana nayo. Pipa la maji halikusaidii. Kipande kidogo kikipita kikaingia kwenye joto la PET, kinaoza na kutoa tindikali inayoharibu mzigo na kula mashine. Kwa hiyo mchezaji aliyezoea kulitegemea pipa anafika hatua ya sita na mzigo wake mzima unageuka manjano. Anakasirika, anarudi nyuma, anaanza kuangalia kwa jicho. Jitu gani lingemfanyia hivyo?

Kwenye vyuma ni rahisi zaidi: sumaku. Bati la chuma linanasa, alminiamu hainasi. Alminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo mkaa na mivukuto vinalifikia, ndiyo maana mafundi wetu wanasubu sufuria bila kiwanda. Niliweka kazi ya kuvukuta: gonga skrini kwa mdundo, usichoke, usizidishe.

Hapo nikapata fundisho ambalo nataka ulisome mara mbili. Katika toleo la tatu plastiki nayo iliyeyushwa kwenye moto wa wazi, kwa sababu tayari nilikuwa na jiko na mivukuto, nikaona nisijisumbue kuchora kingine. Mtoto wa jirani, aliyekuwa akinijaribia gemu, akaweka vifuniko kwenye jiko la mkaa la mama yake. Hakuungua, namshukuru Mungu, ila chumba kilijaa moshi mweusi na mama yake alinifuata mlangoni. Alikuwa na haki. Gemu ya namna hii inacheza na vitu ambavyo mtoto anavyo nyumbani. Dragoni hana, lakini chupa na jiko anavyo. Tangu siku hiyo plastiki katika gemu inayeyushwa kwenye karakana yenye mashine iliyofungwa, na ukijaribu kuiweka kwenye jiko, moshi unajaza skrini, mzigo unapotea na majirani wanakufukuza. Pitia kila kitendo ndani ya gemu yako ukijiuliza mtoto wa miaka minane akikirudia jikoni itakuwaje.

Bidhaa za kutengeneza, nilikuwa na orodha ndefu ya kijinga: roboti, ndege, makochi. Nilizifuta karibu zote. Mchezaji anafurahi zaidi akipata kitu anachokijua bei yake. Katambuga za tairi. Kibatari cha kopo. Jiko la bati. Sufuria. Kwenye hatua za juu nikaweka matofali ya kutandika njia, ya plastiki na mchanga, kama yale ya mjasiriamali Nzambi Matee kule Nairobi. Na mwisho kabisa kuna jahazi. Hilo nimeliazima kwa Flipflopi, jahazi la kweli lililoundwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa tani 10 hivi za plastiki, likavishwa kandambili 30,000, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Nikiwaambia wachezaji kwamba lipo kweli hawaamini, hadi waone picha.

Bei ndani ya gemu isitulie. Niliifunga na habari za redio: bei ya mafuta ghafi ikishuka duniani, plastiki mpya, ambayo hutokana na mafuta hayo, inakuwa rahisi, na mnunuzi wa makopo anashusha bei yake. Mpwa wangu alipoliona hilo alipiga kelele, "Wamenipunja!" Nikamwambia hawajakupunja, ila hakuelewana nami siku nzima. Vilevile weka vitu visivyo na soko. Pampasi. Paketi za vitafunwa zenye tabaka la kung'aa. Bila hivyo unamdanganya mchezaji kwamba kila kitu hugeuka dhahabu. Mifuko ya plastiki niliiweka, kisha nikakumbushwa kwamba Tanzania iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Basi gemu inaanza 2018, na mwaka ukigeuka, mifuko inaadimika yenyewe.

Upande wa ufundi sina mengi. Natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure. Lundo la chupa 200, kila moja ikianguka kwa fizikia yake, liliizima simu yangu ya bei nafuu; sasa lundo ni picha moja, na zinazosogea ni 12 za juu tu, hakuna anayegundua. Gemu iwe nyepesi na ichezeke bila bando. Na ukimpa mtu aijaribu, funga mdomo. Kila ulipotaka kumwelekeza, hapo ndipo pa kurekebisha.

Kilichonishinda hadi leo ni vioo. Chupa za soda na bia zina kreti, zinarudi zenyewe, lakini za mvinyo ni nzito, zinachukua nafasi, na sijapata kuzifanyia kitu kinachofurahisha. Nimeziacha zilundikane kwenye kona ya uwanja. Wiki iliyopita nikaona wachezaji wameanza kuzipanga, wanajenga ukuta. Sikuwahi kuweka ukuta. Sasa natafuta namna ya kuuza chokaa.