Gesi joto imeongezeka: iliyotolewa au iliyomo angani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi huandaa taarifa ya habari katika redio ya jamii. Juzi nilipanga habari mbili zifuatane. Ya kwanza ilisema gesi joto katika nchi za Umoja wa Ulaya imepungua sana tangu 1990. Ya pili ilisema gesi joto imeongezeka na kuvunja rekodi. Mhariri akaniambia moja ni ya uongo, nichague. Nilikosea wapi? Na kati ya kiwango, mkusanyiko na ukolezi, lipi ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwambie mhariri wako kwamba habari zote mbili ni za kweli. Zilizogongana ni sentensi zako, na kosa liko kwenye kiima. Ukisema "gesi joto imeongezeka" hujamwambia msikilizaji ni gesi ipi: ile inayotoka mwaka huu kwenye magari, viwanda, mashamba na mifugo, au ile iliyokwisha kujaa angani kwa vizazi na vizazi? Kiswahili hakina shida ya kuzitenganisha. Ya kwanza ni gesi inayotolewa, ya pili ni gesi iliyomo. Hiyo -mo ya mwishoni, ambayo tunaitumia kila siku bila kuifikiria, inamaliza kazi yote.

Vitenzi navyo vinagawanyika hapo hapo. Gesi iliyomo angani hupimwa. Mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alianza kuipima mwaka 1958 kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mbali na miji, na wakati huo hewa ukaa (kaboni dioksidi), mojawapo ya hizo gesi joto zinazozuia joto lisitoke angani, ilikuwa karibu sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Huku kwetu kuna kituo cha Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kilichoanzishwa mwaka 1999 kupima hewa, na Rwanda ina kituo chake kwenye mlima Mugogo. Mashine huvuta hewa, husoma, huandika. Haiulizi gesi imetoka nchi gani wala serikali gani imeahidi nini.

Gesi inayotolewa haipimwi hivyo, hukokotolewa. Wataalamu wa kila nchi huchukua lita za petroli na dizeli zilizotumika, tani za makaa ya mawe, idadi ya ng'ombe, eneo la msitu uliofyekwa, wakazidisha kila kimoja kwa kizidisho chake, yaani makadirio ya gesi inayotolewa na kila lita, tani au ng'ombe, kisha wakajumlisha. Ni hesabu ya karani, na kama hesabu zote za karani inaweza kuwa na mapengo. Kwa hiyo ukiandika "nchi fulani imepima utoaji wake wa gesi joto" umeipa sifa isiyo yake. Andika imekadiria, au imekokotoa. Na ndiyo sababu wajumbe wa mikutano ya tabianchi wanahitaji hesabu zote mbili: nchi zinaleta makadirio yao, halafu anga inasomwa kuona kama yanaingiana.

Sasa maneno yako matatu. "Kiwango" ni neno zuri lakini halina kwao. Kuna kiwango cha joto, kiwango cha utoaji, kiwango cha ada. Likisimama peke yake, "kiwango cha gesi joto" linarudisha utata ule ule uliokutia matatani. "Mkusanyiko" limeenea kwenye ripoti na si kosa, ila mimi linanisumbua kidogo, kwa sababu kinachokusanyika huwa kinakwenda mahali pamoja, na hewa ukaa haifanyi hivyo. Inachanganyika na hewa yote, kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine. Ninalolipenda ni "ukolezi". Linatokana na kukolea, kitenzi cha jikoni ambacho hakuna asiyekijua. Aliyekuwa akiongeza sukari vijiko vitatu vitatu kwenye chai ile ile, akaanza kuongeza viwili viwili, chai yake haipungui utamu. Inazidi kukolea, ila kwa mwendo wa polepole. Ndicho kilichotokea mwaka 2020. Shughuli zilipofungwa kwa sababu ya korona, utoaji wa hewa ukaa itokanayo na nishati ya visukuku (makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia) ulipungua kwa takriban asilimia 5, na bado kule Mauna Loa wastani wa mwaka ulipanda kwa zaidi ya sehemu 2 kwa milioni. Karibu nusu ya tunachotoa hufyonzwa na bahari na mimea, nusu nyingine hubaki juu.

Kwa redio, kama unahofia "ukolezi" ni neno la darasani, sema tu "gesi iliyomo angani". Hakuna msikilizaji atakayepotea.

Njeo za vitenzi nazo zitazame. Ukolezi wa hewa ukaa unaosomwa Mauna Loa hushuka kila mwaka kati ya Mei na Septemba, kwa kuwa mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia huchanua na kufyonza, kisha hupanda tena. Mwandishi akiona takwimu za Septemba akaandika "kiwango kimepungua", amesema uongo bila kukusudia. Hapo panatakiwa hu- ya mazoea, hushuka, na ulinganisho ufanywe Septemba kwa Septemba.

Hukuuliza kuhusu "kwa" na "hadi", lakini nitakujibu hata hivyo, maana maneno haya mawili yanaharibu habari za tabianchi kuliko istilahi zote ngumu. Mkutano wa tabianchi wa Dubai wa mwaka 2023 ulitambua kwamba, ili ongezeko la joto lisivuke nyuzi 1.5, utoaji wa gesi joto duniani unapaswa kupungua kwa asilimia 43 ifikapo 2030 na kwa asilimia 60 ifikapo 2035, ukilinganishwa na ule wa 2019. Nimewahi kusikia ikisomwa "upungue hadi asilimia 43 hadi mwaka 2030". Upungue hadi 43 maana yake ibaki 43, yaani 57 zimekatwa. Hilo ni dai kubwa zaidi, na hakuna mkutano uliolipitisha. "Hadi" ya pili nayo inafanya tarehe ionekane kama mwisho wa zoezi badala ya siku ambayo lengo liwe limetimia. "Ifikapo" ndilo neno lake.

Kwenye mikataba yenyewe mambo ni matamu zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ule wa mwaka 1992, katika kifungu chake cha 2 unaweka lengo juu ya gesi iliyomo: ukolezi wake usimame kwenye kiwango kisicholeta hatari kwa mfumo wa tabianchi. Itifaki ya Kyoto ya 1997 na Makubaliano ya Paris ya 2015 zikaja kuwabana watu kwenye gesi wanayotoa, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo serikali inaweza kuidhibiti. Wafasiri wengi wanateleza hapa. Badala ya kusimamisha ukolezi, huandika "kuimarisha kiwango cha gesi joto". Kuimarisha ni kutia nguvu! Serikali huimarisha ulinzi, fundi huimarisha ukuta. Ukiimarisha kiwango cha gesi joto umekipa afya kiendelee kukua. Andika "kuzuia ukolezi usiendelee kupanda", ndefu kidogo lakini haidanganyi.

Mfano wa pili uko kwenye kifungu cha 4 cha Makubaliano ya Paris, panapozungumzwa utoaji wa dunia kufika juu kabisa halafu kuanza kushuka. Ukitafsiri "nchi zinalenga kufikia kilele cha utoaji mapema iwezekanavyo", msikilizaji wa Kiswahili atadhani ni sherehe. Kilele kwetu ni cha mlima unaopandwa kwa fahari, au kilele cha maadhimisho ambapo mgeni rasmi anahutubia. Nchi zitaonekana zinashindana kutoa gesi. Geuza upande: "utoaji uanze kushuka mapema iwezekanavyo". Maana ni ile ile, na kitenzi kinaelekea kule mkataba unakoelekea.

Vipimo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutoa taarifa ya gesi joto kila mwaka kabla ya mkutano mkuu wa tabianchi, ili wajumbe waingie ukumbini wakiwa nayo. Ile ya Oktoba 2025, iliyotangulia mkutano wa Belém nchini Brazil, ilisema wastani wa hewa ukaa duniani mwaka 2024 ulikuwa sehemu 423.9 kwa milioni, na kwamba ongezeko la sehemu 3.5 kutoka 2023 ndilo kubwa zaidi tangu vipimo vya kisasa vianze mwaka 1957. Sehemu kwa milioni si asilimia. Asilimia 424 ya hewa haiwezekani, na bado hutokea ikasomwa. Methani, gesi joto nyingine, ilikuwa 1,942, lakini hizo ni sehemu kwa bilioni. Ukizitaja namba hizo mbili mfululizo bila vipimo vyake, utaaminisha watu kwamba methani ni nyingi kuliko hewa ukaa, ilhali kwa kipimo cha milioni haifiki hata 2.

Kuhusu "gesi chafu", ambalo naona mnalitumia redioni: liacheni kwa moshi na harufu. Hewa ukaa haionekani wala hainuki, na wewe mwenyewe unaitoa puani unaposoma habari. Gesi joto linatosha. Ukiliandika neno moja (gesijoto) au mawili (gesi joto) sitakugombeza, mradi uchague moja ubaki nalo.

Habari yako ningeiandika hivi: "Nchi za Umoja wa Ulaya zinatoa gesi joto kidogo kuliko zilivyotoa mwaka 1990. Hata hivyo, hewa ukaa iliyomo angani ilivunja rekodi mwaka 2024, ikafikia wastani wa sehemu 423.9 katika kila milioni, kwa sababu dunia kwa jumla bado inatoa nyingi kuliko bahari na mimea vinavyoweza kufyonza." Hiyo namba isome "mia nne ishirini na tatu nukta tisa". Kama taarifa ni ya saa na muda umebana, "karibu mia nne ishirini na nne" inakubalika.