Re: ProP haiamki nikitumia gliseroli

Uliuliza kwa nini ProP ya bakteria E. coli, yaani protini ya utando inayoingiza prolini (asidi amino) seli inapopoteza maji, haikuvuta prolini ulipoongeza gliseroli, ilhali kwa chumvi inachapa kazi. Protini yako ni nzima. Gliseroli huingia ndani ya seli mara moja kupitia mlango wake kwenye utando, GlpF. Ndani na nje panalingana na seli haisinyai. Kinachoiamsha ProP ni maji kutoka: potasiamu na chaji za ndani hukolea, na kisafirishi hufunguka. Weka sorbitoli au sukrosi, zisizoingia upesi hivyo.

Ila hata matokeo yako ya chumvi siyaamini sana. PutP, kisafirishi kingine, nayo hubeba prolini, tena kwa kutumia sodiamu, kwa hiyo NaCl inaweza kuwa inailisha PutP tu. Tumia aina ya bakteria isiyo na jeni za visafirishi vingine vya prolini, putP na proU, kisha linganisha na ileile ikikosa proP pia.

Usioteshe kwenye mchuzi wenye dondoo la hamira. Lina betaini, ambayo seli huihifadhi kama prolini ili zisipoteze maji, hivyo zitafika zimeshiba. Glukosi iwepo wakati wa kupima, maana ProP huendeshwa na protoni, na seli huhitaji nishati ili kuzisukuma nje. Na vuna kila mara katika hatua ileile ya ukuaji: kadiolipini (aina ya mafuta), ambayo kiasi chake hubadilika na ukuaji, ikiongezeka kwenye utando, ProP huhitaji osmosi kali zaidi ndipo iamke.