Wameniambia picha yangu ya ukungu ni giza: niirekebisheje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwezi wa pili nilipanda Hifadhi ya Kitulo nikapiga ua moja la Kniphofia, lile refu la rangi ya chungwa lililosimama kama mwenge. Ilikuwa saa moja asubuhi, ukungu bado umelala kwenye nyasi. Nilipoihariri nilitaka iwe na upweke: nikashusha mwanga, nikazungushia giza pembeni. Mwenzangu mmoja akasema ni giza mno, wa pili akasema niongeze joto la rangi, wa tatu akasema ua halionekani. Nikarudi, nikafungua vivuli, nikaongeza kontrasti (tofauti ya giza na mwanga) na joto. Sasa wote wanaisifia, ila mimi siioni tena ile asubuhi. Nimekutumia zote mbili pamoja na ya asili. Nimekosea wapi, na hao wenzangu niwajibu nini?

JIBU: Marahaba. Nimeziweka bega kwa bega kwenye skrini. Ya kwanza ni giza kweli. Ya pili ni ua zuri tu, la siku yoyote ile. Ukiyasoma upya maoni ya wenzako utaona watu watatu wana lalamiko moja: walilitafuta ua wakachelewa kuliona. Wa tatu ndiye aliyelitamka. Wawili wa kwanza walikuandikia dawa bila kutaja ugonjwa, nawe ukazinywa zote kwa mpigo.

Tuanze na ukungu wenyewe. Ni matone madogo sana ya maji yanayotawanya mwanga, kwa hiyo kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo kinavyopauka. Kwenye picha yako ya asili nyasi za mbele zina weusi wake, kichaka cha nyuma ni kijivu, na kilima kule mwisho kimebaki kama alama ya pumzi kwenye kioo. Hizo hatua ndizo zinazoipa picha kina. Uliposhusha mwanga wa picha nzima, ukungu ulidondoka chini ya nusu ya histogramu (ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga, giza kushoto na weupe kulia), na ukungu ukifika huko macho huuona ni moshi. Kamera nayo ilichangia: kipima mwanga kikiona weupe mwingi huutaka uwe kijivu, ndiyo maana penye ukungu tunaongeza theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), hata stopu nzima, kabla ya kubonyeza. Mara ya pili ulipoongeza kontrasti kila mahali, kilima kikakolea na kusogea hadi mgongoni mwa ua. Hatua zote zikawa moja.

Mimi nimeanza upya na ile ya asili. Nimeinua mwanga mpaka ukungu ukakaa kati ya asilimia 60 na 70 kwenye kipimo cha Lightroom, programu ya kuhariri picha, na kontrasti ya jumla sikuigusa. Kisha nimepaka maski, yaani alama ya sehemu itakayohaririwa peke yake, kwa brashi juu ya ua na shina lake tu, nikaongeza robo ya stopu na joto kidogo. Hapo ndipo nilipokutana na kitu ambacho nakala zako zote mbili zilikuwa zimekimeza: vile vijiua vyembamba kama mirija vinainama, na kwenye midomo ya vile vya chini yamening'inia matone manne ya maji, kila moja limebeba kipande cha weupe wa anga. Nimeyakaza makali hayo manne, basi. Jicho linatua hapo lenyewe.

Maski ya pili nimeipaka nyuma. Ile sehemu ya kuondoa ukungu nimeivuta kushoto, hadi hasi 8, yaani ukungu unaongezeka. Wengi huivuta kulia kwa mazoea. Kwa baridi ile ya Kitulo, umefunga safari kumfuata mgeni, halafu unamfukuza nyumbani kwako!

Kuhusu joto: aliyekushauri hakukosea sana, ila halikuhitajika kila mahali. Ukungu wa asubuhi una ubuluu kidogo, na rangi ya chungwa huwaka ikipakana na buluu. Ulipoipasha picha nzima, ukungu ukageuka vumbi la kiangazi na ua likakosa wa kushindana naye. Lile giza la pembeni nalo liondoe. Ukungu hung'aa kotekote, pembe hazina sababu ya kuwa nyeusi. Ukitaka uzito, acha nyasi za chini ziubebe.

Nakisia pia ulihariri usiku, taa zimezimwa, mwanga wa skrini umepandishwa hadi mwisho. Ukiwa hivyo kila picha hukuonekea ng'avu, unashusha, unashusha tena, halafu mwenzako anaifungua kwenye simu juani na kuona masizi. Nilipoanza kazi hii niliwahi kupeleka picha za kalenda nilizozihariri hivyohivyo. Zilirudi zimechapwa, na mteja akaniuliza kama zilipigwa usiku. Siku hizi nahariri mchana, skrini ikiwa nusu ya mwanga wake, na naiangalia kwenye simu nikiwa barazani kabla ya kumwonyesha mtu.

Wenzako usiwajibu kwa kujitetea. Waonyeshe toleo jipya bila maelezo, uwaulize jambo moja: jicho lako lilitua wapi kwanza? Wakisema kwenye ua, shida yao imekwisha, hata kama picha bado ina upweke wake. Atakayesema bado angependa iwe ng'avu zaidi, mshukuru. Hayo ni mapenzi yake, na picha ni yako.

Jambo la mwisho ni faili. Hiyo ya asili uliyonitumia ni JPEG, yaani picha iliyokwisha kubanwa, tena iliyopita WhatsApp, na tayari angani kuna michirizi kama ngazi. JPEG ina viwango 256 tu kwa kila rangi, na WhatsApp inaibana zaidi. Ukungu, ambao ni mpito wa polepole kutoka kijivu hadi cheupe, ndio unaoumia kwanza. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, la biti 14 lina viwango 16,384. Kama bado unalo kwenye kadi, nitumie kama dokumenti, lisipite njia ya picha, nikurudishie likiwa na maski zake uzione zilivyopakwa.