Muulize Mwalimu: "Kijana wa jirani ametuita madoadoa"

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mume wangu kwao ni Vihiga, lakini tulinunua shamba na kujenga hapa Molo, na ng'ombe wetu wawili ndio wanaolipa karo. Mwezi jana, tukiwa foleni ya kupimiwa maziwa, kijana wa jirani yangu alisema kwa sauti, "Ngojeni 2027, madoadoa yote yatatoka." Madoadoa ni sisi wa makabila mengine. Wengine wakacheka. Mimi nikainamia mtungi wangu, nikajifanya sijasikia.

Mama yake tuko naye chama kimoja, na nilipojifungua kitinda mimba ni yeye aliyenipikia uji. Nikimwambia mume wangu, ataanza kufunga mizigo kama 2022, alipotupeleka sote kijijini wiki mbili kabla ya kura. Nikipiga ripoti, nimevunja ujirani. Nikinyamaza, usingizi hauji. Nifanye nini?

Mama watatu, Molo

JIBU

Marahaba, binti yangu. Usinyamaze. Naanza na hilo kwa sababu mimi niliwahi kunyamaza.

Mwaka 1992 nilikuwa nafundisha darasa la tano karibu na Elburgon. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilikuwa kimefutwa Desemba 1991, vyama vingi vimerudi baada ya miaka ya chama kimoja na ile kura ya mlolongo ya 1988, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea. Wakubwa walioogopa kupoteza viti wakaanza kutugawa: huyu mwenyeji, yule mgeni. Hilo neno la madoadoa lilisemwa mchana kweupe, na sisi walimu tukaambizana ni siasa tu, litapita. Muhula uliofuata nilikuwa na majina 42 kwenye rejista. Niliyaita yote, wakaitika 26. Wale wengine niliendelea kuwaita wiki nzima, maana mkono ulikataa kushika kalamu nyekundu.

Mmoja wao nilikutana naye tena 2008, hapa Nakuru, katika kambi ya uwanja wa maonyesho. Alikuwa mama sasa, amekaa mlangoni pa hema na mtoto mgongoni. Alinitambua kabla sijamtambua. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Huyo kijana wako wa maziwa, kama ana miaka ishirini na kitu, wakati huo alikuwa bado mtoto mdogo. Neno lenyewe hakulitunga. Amelirithi kwa watu wazima, bila kuona lilichofanya.

Doa ni la nguo. Ukiliona unatafuta sabuni. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie ni mzaha.

Zamani ungeenda kulalamika wapi? Leo kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyotungwa 2008 baada ya mapatano ya Kibaki na Raila yaliyosimamiwa na Kofi Annan. Anayechochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 1, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Na 2022 tume inayosimamia sheria hiyo ililitaja madoadoa waziwazi miongoni mwa maneno ya chuki. Kwa hiyo haki unayo. Lakini kumwanzia mtoto wa aliyekupikia uji kwa polisi, mimi nisingefanya hivyo. Sheria ile naitaka zaidi kwa wenye vipaza sauti.

Andika kwenye daftari tarehe, maneno yenyewe na waliokuwepo. Akirudia, au ukisikia vijana wanakutana usiku, au mtu anaanza kuweka alama kwenye milango, hapo usimsubiri mtu: nenda kwa mzee wa nyumba kumi na naibu wa chifu, na mume wako awe nawe.

Naam, mume wako. Mwambie leo, asije akasikia kwa wengine. Simlaumu kwa 2022, aliyeokota watoto gizani hafundishwi woga na mtu. Ila mwambie Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila Mkenya haki ya kuishi popote nchini. Mwambie pia kwamba mgombea urais sasa anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24, kwa hiyo hakuna kabila linaloweza kushinda peke yake. Na barabara ya kupeleka maziwa hapo kwenu inaombwa kwa mwakilishi wa wadi ya Molo, ambaye nyinyi hamkumpigia kura kwa sababu mlikuwa Vihiga. Machungu ya ardhi hayajaisha. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyochunguza dhuluma za zamani zikiwemo za ardhi, ilikabidhiwa Rais Mei 2013 na waathiriwa bado wanangoja. Hilo nalo nalijua.

Kwa mama yake, nenda na mwanachama mwingine wa chama, wa kabila lake, mnayeaminiana. Usimwambie "mwanao ni mbaya". Mwambie alichosema, neno kwa neno, kisha mwambie, "Mimi silali." Usiende Jumapili, atakuwa na wageni. Nenda jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, naye kijana awepo asikie mama yake akijibu.