Kabla hujalaumu TikTok, angalia bando la usiku

Mdogo wangu wa chuo akinilalamikia kichwa kuuma, macho kuwasha na kusinzia darasani, swali langu la kwanza ni moja: siku hizi unanunua bando gani? Nilisoma hapahapa Dodoma na bado naishi na wanachuo nyumbani, kwa hiyo jibu huwa nalijua.

Ni bando la usiku. Bei chee, linafunguka saa sita usiku na kufa alfajiri. Kwa mtu anayehesabu siku bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, litoke, hilo ndilo bando. Ila ukishalipia, utalalaje na GB zinakwisha? Hosteli tulikuwa tunalala mapema, tunatega alamu, ikifika saa sita dabodeka zote, vile vitanda vya ghorofa, zinawaka mwanga chini ya mashuka. Kipindi cha saa moja asubuhi, nusu ya darasa vichwa viko juu ya meza.

Mwanga wa simu huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Lakini mimi naogopa zaidi kile kinachosomwa. Ukitoka kwenye ugomvi wa watu mtandaoni, au picha za mwenzako anayekula bata Zanzibar wakati wewe umelalia chai kavu, usingizi utatoka wapi? Na hakuna ukurasa wa mwisho. Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni mtindo huo wa kuperuzi bila kikomo mwaka 2006, mwenyewe amesema hadharani kuwa anaujutia. Kijana anahitaji saa 7 hadi 9 za usingizi. Hesabu zako unazijua.

Macho ya Dodoma nayo yana kesi yake. Ukiikodolea simu, unapepesa macho mara chache na yanakauka. Ongeza upepo wa kiangazi na vumbi letu, asubuhi yamekuwa mekundu. Wengi hukimbilia duka la dawa kununua matone yoyote. Usifanye hivyo: baadhi yana steroidi, na yakitumiwa kiholela hupandisha presha ya jicho. Pumzisha macho kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Walioko hosteli za vilimani hawana kisingizio, dirishani kuna uwanda mzima.

Sikukatazi bando, maana hela ni yako. Tega video za masomo zijipakue zenyewe, simu ichajiwe karibu na mlango, alamu nunua saa ya mezani pale sokoni Majengo. Najua utaniuliza, je, CR, yaani kiongozi wa darasa, akituma tangazo? CR gani anahamisha kipindi saa nane usiku! Utalikuta asubuhi. Kubwa zaidi, kubalianeni chumba kizima, kwa sababu mmoja akibaki anacheka na klipu, wote mmekesha.

Halafu kuna yule ambaye simu imewekwa mbali, wiki mbili zimepita, bado halali, hali chakula vizuri, hataki watu. Huyo pengine haumwi mtandao. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nayo humkosesha mtu usingizi, na simu inakuwa ya kumsogezea usiku tu. Usimnyang'anye. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo, na akikuambia anatamani kufa, usimwache peke yake hata kwa saa moja, nenda naye hospitali usiku uleule.